Mabeseni 24 ya Gugu Maji: Mafunzo Niliyopata

Mwaka 1999 nilipanga chumba Mkuyuni, Mwanza, nikamwomba mama mwenye nyumba aniruhusu kuweka mabeseni machache uani. Alipoona yanaingia 24 akaniuliza, "Mwanangu, unafungua mgahawa?" Nikamweleza kwamba nataka kupambanisha mimea miwili inayoelea ziwani, gugu maji na ule mwingine unaofanana na kichwa cha saladi, niwape mbolea kwa viwango tofauti nione nani atamshinda mwenzake. Akanitazama kwa huruma. "Atashinda gugu," akasema, akarudi jikoni kugeuza samaki wake.

Alikuwa amejibu swali la shahada yangu kabla sijanunua mbolea. Mimi nilichukua karibu miaka miwili kufika alipokuwa yeye, na njiani nilikosea karibu kila kitu ambacho mtu anaweza kukosea akiwa na beseni, maji na mche. Siku hizi vijana hunijia na mipango yao ya utafiti, wengi wakiwa na akili kuliko niliyokuwa nayo mimi, na kila ninapofungua kurasa zao nayaona makosa yangu ya zamani yananitazama. Wewe unayesoma hapa bila shaka una mpango wako tayari. Nakuandikia ili ukakosee makosa mapya.

Nianze na wapiganaji wenyewe. Gugu maji asili yake ni Amerika Kusini. Hapa Tanzania lilikuwapo katika mto Pangani tangu miaka ya 1950, jambo lililonishangaza, kwa kuwa sisi wa Kanda ya Ziwa tulidhani limezaliwa mbele ya macho yetu. Kwenye Ziwa Victoria lilianza kuonekana mwishoni mwa miaka ya 1980, na mto Kagera umekuwa mlango wake mkubwa. Kufikia 1998, Ghuba ya Winam upande wa Kenya peke yake ilikuwa na hekta zipatazo 17,000 za gugu. Mpinzani wake nitamwita pistia, jina la kitabuni, kwa sababu sikuwahi kupata wazee wawili waliokubaliana jina lake. Pistia tuliikuta ziwani. Ilikaa zake kwenye vihori na kati ya mafunjo, na hakuna aliyeiitia mkutano wa hadhara.

1. Usipambanishe mtoto na mzee

Mwanzoni, katika kila beseni niliweka miche mitano ya gugu na mitano ya pistia. Mitano kwa mitano, haki bin haki. Baada ya wiki mbili gugu lilikuwa limejaza beseni, na pistia imebanwa ukingoni kama abiria wa mwisho kwenye daladala. Nikaandika matokeo kwa wino mweusi.

Msimamizi wangu alipokuja kutembelea, hakusoma nilichoandika. Aliinua mche mmoja wa gugu na mmoja wa pistia, vikichuruzika maji, akanipa nivishike, kimoja mkono huu, kingine mkono ule. "Kipi kizito?" Sikuhitaji mzani. Gugu lile moja lilizidi pistia kadhaa kwa pamoja. "Sasa kijana, hapa umepambanisha mimea, au umempambanisha mtoto na mzee?"

Tukayapanga upya mabeseni yote. Safari hii tulianza kwa uzito, si kwa idadi: uzito sawa wa kila mmea, kisha mchanganyiko mwingine wenye gugu chache na pistia nyingi. Tena tukaongeza kitu ambacho sikuwa nimekifikiria kabisa, mabeseni ya upweke, gugu peke yake na pistia peke yake. Bila beseni la upweke huwezi kujua kama pistia imedumaa kwa kubanwa na gugu au kwa kubanwa na pistia wenzake. Mmea hushindana na ndugu zake vilevile, na mara nyingine ndugu ndiye mkali zaidi.

Na uzito wenyewe uwe uzito mkavu. Gugu maji ni maji kwa takriban asilimia 95. Mimi nilikuwa natoa mche beseni, naukung'uta mara mbili, naweka kwenye mzani. Siku za mvua mimea yangu "ilikua" kwa kasi ya ajabu. Nilikuwa napima ziwa. Kausha sampuli kwenye oveni mpaka uzito usishuke tena, na kama huna oveni azima. Usikaushe juu ya bati kama nilivyofanya. Saa kumi jioni ulipita upepo wa ziwani, na data ya mwezi mzima ikaenda kwa jirani.

2. "Bila mbolea" haina maana kwamba maji ni matupu

Nilikuwa na viwango vitatu: bila mbolea, mbolea kidogo, mbolea nyingi. Maji nilichota ufukweni, karibu na mahali mto Mirongo unapoingia ziwani, kwa sababu palikuwa rahisi kufika na mkokoteni. Ukiijua Mwanza umeshacheka. Mirongo unapita katikati ya jiji, na unayoyabeba ndiyo jiji linayoyamwaga.

Mabeseni yangu ya "bila mbolea" yakanawiri. Gugu likatoa majani mapana, mazito, ya kijani kilichokolea, karibu sawa na lile la mbolea nyingi. Sikuushuku mto. Nilimshuku mtoto wa jirani, aliyekuwa na umri wa kama miaka minane na mazoea ya kuchezea vijiko vyangu. Nikamhoji. Akaapa hajagusa. Nikamhoji tena kwa sauti ya polisi, akalia. Wiki iliyofuata nilipopeleka maji yale kupimwa, naitrojeni na fosfati vilikuwa vimejaa kabla mimi sijafungua mfuko wa mbolea. Nilimnunulia mtoto maandazi na nikamwomba radhi mbele ya mama yake. Ni sehemu ya utafiti ambayo haikuingia kwenye tasnifu.

Baada ya hapo nikasema nitatumia maji ya bomba, nikasahau kwamba bomba la Mwanza nalo hunywa ziwani. Nikakimbilia maji ya mvua. Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo mpaka leo wanafunzi wangu huliona kama mzaha: sehemu kubwa ya fosforasi inayoingia Ziwa Victoria inatoka juu, imebebwa na vumbi la mashamba na moshi wa mioto ya nyika, kisha inashuka na mvua. Kumbe hata mawingu yanarutubisha.

Maji ya mvua bado ndiyo niliyotumia, maana yalikuwa na chakula kidogo kuliko mengine yote. Ila niliacha kuyaita matupu. Niliyapima kila wiki na kuandika namba. Ukiandika "maji maskini" bila namba, msomaji hana namna ya kujua umaskini wako ni wa kiwango gani. Na mimea hunywa na kutoa maji kwa kasi. Jua la Mwanza nalo halibembelezi. Beseni likipungua kwa vidole vitatu, chakula kilichobaki kimekuwa kikali zaidi. Jaza kila siku, kwa maji yaleyale, mpaka alama ileile.

3. Mizizi mirefu ni njaa

Hili ndilo lililonishangaza kuliko yote, na ndilo lililonifanya niupende mmea niliokuwa nalipwa kuuchukia.

Mwisho wa duru ya kwanza safi, niliinua gugu kutoka kwenye beseni la maji ya mvua yasiyo na mbolea. Chini yake ikaning'inia mizizi mirefu yenye manyoya laini, ya rangi ya zambarau iliyokaribia weusi, kama ndevu za mzee wa kwenye hadithi. Nikainua la mbolea nyingi. Juu lilikuwa refu, majani yamesimama kama mikono inayoomba dua. Chini, mizizi mifupi kama brashi ya viatu. Mimi niliyelelewa na wakulima wa mihogo nilijua jambo moja kuhusu mizizi: ikiwa mingi, mmea umeshiba. Nikaandika daftarini kwamba gugu hustawi zaidi kwenye maji maskini. Nikapigia mstari. Nikapigia mstari wa pili.

Mama mwenye nyumba alikuwa anaanika nguo. Nikamwonyesha ugunduzi wangu. Akashika ile mizizi, akaivuta kidogo, akasema, "Huyu anatafuta. Yule mwingine kapelekewa mezani, mkono mrefu wa nini?"

Nililala nikilifikiria neno lile, asubuhi nikaenda kukausha juu na chini mbalimbali, majani kwake na mizizi kwake. Mama alikuwa sahihi. Kwenye maji maskini gugu huhamishia nguvu zake chini, likirefusha mizizi kutafuta chakula kidogo kilichopo. Kwenye maji yaliyoshiba huacha kutafuta, na nguvu zote zinapanda juu kwenye majani. Mmea uleule, wa ukoo uleule, una miili miwili, na chakula ndicho kinachoamua utauvaa upi.

Ukishaona hilo, pambano zima linafunguka. Pistia hulala chapa juu ya maji kama sahani iliyofunuliwa. Ikibanwa huinua majani yake, lakini haina vikonyo vya kuipandisha mbali. Gugu lililoshiba na kubanana linaweza kupanda hata mita moja. Kwa hiyo katika mabeseni yangu ya mbolea nyingi vita havikuwa vya chakula hata kidogo, chakula kilikuwepo cha kuwatosha wote. Vilikuwa vita vya jua. Gugu lilipanda, likatandaza majani, na pistia ikabaki chini gizani, ikapauka, ikaoza kuanzia majani ya nje. Watafiti huko Marekani walioipambanisha mimea hii miwili kabla yangu katika maji yaliyorutubishwa waliona hilohilo: gugu linamshinda mwenzake kwa kumfunika.

Kwenye maji maskini gugu halikuwa na nguvu za kujenga ghorofa. Likabaki fupi, vikonyo vimevimba kama vibuyu, likielea sambamba na pistia. Wakakaa pamoja wiki baada ya wiki, wote wawili wamedumaa, wakigombea vijisenti. Natamani ningeweza kukuambia kwamba hapo pistia ilishinda. Haikushinda hata beseni moja. Ila ilibaki hai, na kati ya kubaki hai na kuoza gizani kuna tofauti ambayo mvuvi mwenye mtumbwi anaielewa bila jedwali.

4. Nilitaka mwenyeji ashinde

Nikiri jambo. Tulikuwa vijana, gugu lilikuwa mgeni, pistia ilikuwa yetu. Nilikuwa na timu.

Uani kulikuwa na mwembe mkubwa uliotupa kivuli saa nane mchana. Sikumbuki nilipanga, lakini mabeseni yenye pistia nyingi yalikuwa safu ya mbele kwenye jua, na yenye gugu nyingi yalikuwa nyuma, karibu na mwembe. Niliona hilo mwezi wa tatu, nilipokuwa nafagia. Mkono wangu ulikuwa umeshapiga kura bila kuniambia. Tangu siku ile nikawa naandika namba za mabeseni kwenye vikaratasi, natia kwenye kofia, namwita mtoto wa jirani, yuleyule wa maandazi, achague nani akae wapi. Kila wiki tulichagua upya.

Lakini adhabu halisi ya ushabiki wangu ililetwa na pistia yenyewe. Yale mabeseni ya upweke, pistia peke yake na mbolea nyingi, sikuyatilia maanani sana. Nilidhani yatakuwa bustani. Wiki ya saba nilitia mkono nikashindwa kuyafikia maji. Pistia imepandana, majani yamesimama, beseni zima limeziba. Nilipoifungua kwa fimbo maji ya chini yalikuwa meusi na yananuka yai viza. Hayo ndiyo maji tuliyokuwa tukiwaonyesha wageni ziwani tukisema, tazameni gugu linavyofanya.

Miaka michache baadaye nilisaidia vijana wa kijiji kimoja kusafisha bwawa la kunyweshea ng'ombe. Tulitoa gugu kwa mikono siku nne, tukapongezana kwa soda, tukapiga picha. Nyuma yetu, kutoka kwenye zizi la juu, samadi iliendelea kuteremka bwawani kila mvua iliponyesha. Baada ya miezi mitatu wakanitumia salamu nije. Bwawa lilikuwa la kijani tena, ukingo hadi ukingo. Pistia. "Mwalimu," kijana mmoja akaniambia kwa upole ulioniuma kuliko tusi, "huyu naye si ulisema ni wa kwetu?"

Wenzetu wa Afrika Kusini wameyaona hayo kwa ukubwa mwingine. Kwenye bwawa la Hartbeespoort, lenye maji yaliyoshiba uchafu wa miji, wadudu waliotolewa kulila gugu maji walilipunguza sana, na mahali pake pakajazwa na mmea mwingine mgeni, salvinia ndogo. Katika Ziwa Victoria lenyewe, mazulia ya gugu yaliyozeeka yaliota nyasi na mafunjo juu yake, yakawa visiwa vya kuelea vigumu kuliko gugu lenyewe. Ukitoa mmea na kuacha chakula mezani, umetangaza nafasi ya kazi.

5. Bata hasomi lebo

Nifupishe hili kwa sababu bado linanitia aibu. Nilipoyagawa upya mabeseni kwa viwango vitatu vya mbolea na michanganyiko minne, kila mpangilio ulibaki na marudio mawili tu. Mawili. Asubuhi moja mbuzi alipindua beseni la kona, nikabaki na moja. Nikajaribu kuokoa heshima kwa kuongeza mmea wa tatu, azola, ule mdogo wenye bakteria ndani ya majani wanaovuna naitrojeni kutoka hewani, nione kama ungevumilia maji maskini kuliko wote. Wazo lilikuwa zuri na mpaka leo nalitetea. Bata wa nyumba ya pili waliliona pia kuwa zuri. Walikula azola yote kwa siku moja, wakaacha gugu kama lilivyo.

Kisha akaja bwana afya. Majirani walikuwa wamelalamika kuhusu mbu. Akachungulia beseni moja, likiwa limejaa viluwiluwi wanaocheza, akaniuliza kama nina kibali cha kufuga malaria. Ilinibidi nifunike kila beseni kwa chandarua, na chandarua kikaongeza kivuli, na kivuli kikabadilisha matokeo, nikaanza tena.

Weka marudio mengi kuliko unayodhani unahitaji. Jenga uzio kabla ya kuchota mche wa kwanza. Nyoosha mambo na majirani mapema.

6. Ukilisha, lisha mlo kamili

Katika duru ya pili mimea yangu ya mbolea nyingi ilianza kugeuka manjano, majani machanga kwanza, mishipa ikibaki kijani. Nikasema nimeiua kwa mbolea. Nikapunguza. Ikazidi. Nikashuku sumu ndani ya plastiki ya mabeseni, nikaandika barua ya ukali kwa muuza duka, ambayo namshukuru Mungu sikuituma.

Ilikuwa njaa ya chuma. Urea na mbolea ya fosfati zilikuwa zinaisukuma mimea ikue haraka, lakini maji ya mvua hayakuwa na madini ya chuma ya kutosha kufuatana na kasi ile. Nilipoongeza kijiko kidogo cha chuma cha aina inayoyeyuka majini, majani mapya yalitoka ya kijani. Ukitaka kujua naitrojeni na fosforasi zinafanya nini, hakikisha vingine vyote vipo, vinginevyo unapima kile ulichokisahau.

7. Kuna mtu wa tatu ulingoni

Miaka ileile serikali za Uganda, Kenya na Tanzania zilikuwa zinaachia ziwani wadudu wadogo aina ya fukusi, jamaa wa wale wanaotoboa mahindi ghalani, walioletwa kwa sababu wanakula gugu maji. Wana majina mawili ya kitabuni, *Neochetina eichhorniae* na *Neochetina bruchi*. Uganda walianza 1995, Kenya 1997. Mkubwa hukwangua majani akiacha vidoa kama alama za ndui. Mtoto wake ndiye hatari, hutoboa vikonyo kwa ndani mpaka mmea unazama.

Katika mche niliookota ziwani kwa duru ya tatu, wakaingia uani kwangu. Asubuhi nikaona vidoa. Nikachukua kibano na kwa wiki nzima, usiku na tochi, nikawa nawatoa mmoja mmoja na kuwaponda kwa kisigino. Mtumishi wa umma, nalipwa na umma, naua watumishi wa umma. Nilikuwa naulinda usafi wa jaribio langu.

Ningekuwa na akili ningewaacha kwenye nusu ya mabeseni. Watafiti wa Afrika Kusini walifanya hivyo hasa, kwa mdudu mwingine, kidudu kidogo kinachofyonza majani. Bila mdudu, walikuta gugu lina nguvu ya ushindani mara 23 ya pistia. Wakiwepo wadudu, ikashuka hadi mara 10. Gugu bado linashinda, lakini si kwa kejeli ileile. Nilipoisoma namba hiyo nilikumbuka kisigino changu.

Na hapa chakula kinarudi tena. Gugu lililoshiba huota majani mapya haraka, mara nyingine haraka kuliko fukusi anavyokula. Ndiyo sababu ziwani, baada ya magugu kupungua sana mwishoni mwa miaka ya 1990, mvua kubwa za 2006 ziliposomba udongo na uchafu, Ghuba ya Winam ikajaa tena. Fukusi hawakuwa wamehama. Meza ilikuwa imeandaliwa upya.

8. Nenda na chupa kabla ya kwenda na kapu

Mzee mmoja wa pwani ya Igombe, mvuvi wa sato aliyeniuzia mimea mingi ya duru zangu, aliniuliza mara moja kwa nini huwa namlipa anioneshe gugu lilipo. "Fuata mfereji," alisema. "Panapoingia maji ya watu, ndipo linapoanza." Nilimshukuru kwa Kisukuma, "wabeja, mzee", nikaendelea kulipa. Nilikuwa na ramani.

Leo nikienda mahali papya sianzi na mimea. Naanza na chupa, nachota maji kwenye kila mdomo wa mto na mfereji, ndipo natazama nini kinaelea. Mara nyingi chupa imeshaniambia nitakachokiona.

Mwanzoni mwa 2025 vivuko vya Kigongo na Busisi vilihangaika katikati ya magugu, na safari hii mgeni aliyezungumzwa zaidi alikuwa salvinia, si gugu letu tulilolizoea. Mwezi Juni mwaka huohuo daraja la hapo likafunguliwa, na watu sasa wanavuka Ghuba ya Mwanza juu kwa juu bila kuyagusa maji. Salvinia ipo chini yao. Hakuna aliyeipambanisha bado na gugu na pistia kwa maji ya ghuba ile, kwa viwango tofauti vya chakula, na fukusi wakiwepo na wasiwepo, kwa namna ambayo ningeridhika nayo. Nadhani hiyo ni kazi yako.

Mama mwenye nyumba aliyachukua mabeseni yangu mengi nilipohama. Aliyatumia kuuzia samaki na sikumdai. Matatu bado ninayo. Ukiyahitaji njoo uyachukue, ila uyaoshe vizuri kwanza, yana mbolea.